Maswali ya Wasomaji: Samaki Wangu Anaogelea Vibaya

SWALI: Samaki wangu wa dhahabu, wale wanene wenye mkia kama shela, asubuhi huwa mzima. Nikishamlisha anapanda juu, tumbo linaangalia dari. Muuzaji amenipa dawa ya matone ya kuua bakteria. Nimtilie?
— Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Dawa iweke kabatini. Tatizo linalokuja baada ya kula hutokana zaidi na tumbo kuliko bakteria. Samaki hujishikilia kwenye kina anachotaka kwa msaada wa kibofu cha hewa kilicho chini ya uti wa mgongo. Aina za mviringo, kama oranda na ryukin, zimezalishwa kwa kufupishwa mwili, kwa hiyo utumbo na kibofu vinabanana. Chakula kikavu kikivimba tumboni, kibofu husukumwa na mizani ya mwili hupotea. Tena chakula kinachoelea humfanya ameze hewa.

Mfungishe siku mbili hadi tatu. Hatakufa kwa njaa. Kisha chemsha njegere bila chumvi mpaka ilainike, menya ganda, ponda, mpe nusu ya punje. Baada ya hapo nunua chakula kinachozama, kiloweke dakika tano katika maji ya tangi, umpe kiasi anachomaliza ndani ya dakika mbili, mara mbili kwa siku. Asipopata nafuu, mhamishie kwenye ndoo yenye maji ya tangi na pampu ya hewa, uyeyushe humo chumvi ya Epsom (ya duka la dawa, si ya mezani), kijiko kimoja cha chai kwa lita 20. Punguza kina cha maji ili asihangaike, lakini mgongo usibaki nje: ngozi ikikauka huota vidonda.

Magamba yakisimama na tumbo likavimba, hayo ni mengine. Mwili umejaa maji na njegere haitafaa kitu. Mtenge. Na yule anayeelea hata akiwa hajala kwa siku kadhaa huenda kibofu chenyewe kina kasoro ya kudumu. Maadamu anakula, anaweza kuishi hivyo hivyo.

SWALI: Tangi langu ni la lita 60, lina wiki tatu na samaki wanane. Wote wamekwenda juu wanatweta, mmoja anachomoka ghafla na kugonga kioo. Juzi umeme ulikatika usiku kucha.
— Msomaji, Likoni, Mombasa

JIBU: Washukiwa ni wawili, upungufu wa oksijeni na sumu ndani ya maji. Washa pampu ya hewa kwa nguvu. Wakishuka ndani ya saa moja, ilikuwa oksijeni: maji ya nyuzi 30 hubeba takriban miligramu 7.5 kwa lita, wakati ya nyuzi 20 hubeba 9. Wasiposhuka, pima amonia na nitriti, sumu zitokanazo na kinyesi na mabaki ya chakula. Zote mbili zinatakiwa kusoma sifuri.

Sisi tunahisi amonia. Bakteria wa kuisafisha huchukua wiki nne hadi sita kukomaa katika kichujio, na wako wa wiki tatu wamekaa usiku mzima bila mkondo wa maji, yaani bila hewa. Badilisha theluthi moja ya maji kila siku mpaka vipimo vitulie, na lisha kidogo sana. Maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha kwenye ndoo wazi saa 24 huondoa klorini ya kawaida, lakini kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) hubaki. Maji ya simtanki saa nane mchana huwa moto; yasitofautiane na ya tangi kwa zaidi ya nyuzi mbili. Sponji ya kichujio ikamulie ndani ya ndoo ya maji ya tangi, kamwe si chini ya bomba, la sivyo unaua bakteria wachache waliosalia.

Umeme ukikatika tena, tumia pampu ya betri. Na kama kichujio kimezimika kwa saa nyingi, suuza sponji kabla ya kukiwasha, maana uozo uliojikusanya humwagika wote kwa samaki.

SWALI: Nimeuziwa samaki mdogo mwenye sharubu. Anaogelea kichwachini chini ya gogo, lakini anakula vizuri. Nimrudishe dukani?
— Msomaji, Lubumbashi

JIBU: Usimrudishe. Huyo bila shaka ni Synodontis nigriventris, wa jamii ya ngogo, mwenyeji wa bonde la Mto Kongo. Ndivyo alivyo: hula vijidudu chini ya majani na juu ya maji akiwa amegeuka. Mtazame tumbo, limekoza rangi kuliko mgongo, kinyume cha samaki wengi. Huishi kwa makundi, kwa hiyo mtafutie wenzake wanne au watano na sehemu za kujificha. Wasiwasi uwe pale atakapoelea katikati ya maji bila kushika mwelekeo, au ukimsogezea mkono asikimbie.