Nahodha Anajibu: Wageni Wanapopanda Mashua ya Tanga

Barua nne za mwezi huu zimetoka pande mbalimbali, lakini zote zinauliza kuhusu maisha ya kila siku ndani ya mashua ya tanga katika bahari zetu za joto, hasa pale wenye mashua wanapokaribisha marafiki ambao bahari wameizoea kwa kuitazama kutoka ufukweni. Nimeyajibu maswali hayo hapa pamoja, na nimeirefusha barua ya kwanza kwa sababu ndiyo yenye hatari kubwa kuliko nyingine.

*Shikamoo Nahodha. Mimi na mume wangu tunaishi katika mashua ya tanga yenye urefu wa futi 40, ambayo hutia nanga katika hori ya Kilifi. Mwezi wa Agosti marafiki wanne kutoka Nairobi watakuja kukaa nasi kwa siku kumi, na wameomba tuwapeleke Unguja, ambako wanataka kukata tiketi za ndege za kurudia siku ya kumi. Tangi letu huchukua lita 400 za maji, wala hatuna mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Tufanye maandalizi gani ili wageni wetu wastarehe? (Msomaji wa Kilifi)*

Marahaba, mwanangu. Kabla hatujafika kwenye starehe, waandikie wageni wako leo hii uwaambie wasikate tiketi hizo. Agosti ni mwezi wa kusi, upepo wa kutoka kusini, na kutoka Kilifi hadi Unguja ni kiasi cha maili 150 za baharini kuelekea kule kule upepo unakotoka. Tuseme mashua yenu inakwenda maili tano kwa saa. Kwa kuwa mtalazimika kupiga bisho, yaani kuukata upepo mshazari mara upande huu na mara upande ule, katika kila maili tano mtakazokwenda mtakuwa mmesogea mbele maili tatu na nusu tu. Toeni hapo mkondo wa pwani yetu, ambao huelekea kaskazini, na ambao wakati wa kusi huweza kufika maili nne kwa saa. Mimi nitauhesabu kuwa maili mbili ili nisiwatishe. Kinachobaki ni maili moja na nusu kwa saa, na hiyo ni safari ya saa 100, zaidi ya siku nne usiku na mchana, mashua imelala ubavu, sufuria hazikai jikoni, na wageni wanne wanajuta kwa nini hawakwenda Naivasha.

Safari hiyo hiyo ikigeuzwa, ikaanzia Unguja na kuishia Kilifi, upepo utakuwa nyuma yenu na mkondo utakuwa unawasukuma, kwa hiyo mashua ileile itakwenda maili saba kwa saa na kumaliza mwendo wote kwa muda usiofika saa 22. Kwa kuwa mna siku kumi, mngeweza kuigawa kwa kulala Pemba na kupumzika siku mbili tatu katika kila nanga. Lakini ninyi mko Kilifi, na ili kuwapokea wageni Unguja mwezi wa Agosti ingewabidi ninyi wawili mpige bisho hilo peke yenu, jambo ambalo siwashauri. Ushauri wangu ni kwamba wageni waje Januari au Februari, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inapovuma. Mkondo utakuwa bado unawapinga, ila huwa umelegea, na upepo utakuwa wenu. Kama hawana likizo isipokuwa Agosti, basi waje Agosti, lakini Unguja waisahau. Mtembeze mashua karibu na nyumbani na mlale kila usiku ndani ya hori.

Nimelirefusha jambo hili kwa sababu nimeona chanzo cha ajali nyingi ndogo ndogo ni ahadi. Mgeni muahidi tarehe, au muahidi mahali. Ukimuahidi vyote viwili utakuja kung'oa nanga siku ambayo hukupaswa kung'oa nanga, kwa sababu tu kuna ndege inayomngoja mtu. Na msisahau kwamba kutoka Kilifi kwenda Unguja ni kuvuka mpaka wa nchi mbili: mashua pamoja na kila aliyemo lazima waage rasmi Kenya na kupokewa rasmi Tanzania, na mgeni atakayeshukia nchi nyingine lazima awe amegongewa muhuri katika pasi yake, la sivyo ataulizwa uwanjani alipitia wapi.

Sasa maji. Mtakuwa watu sita kwa siku kumi, na lita 400 zikigawanywa hivyo kila mtu hupata chini ya lita saba kwa siku. Katika joto letu lita tatu kati ya hizo ni za kunywa, kwa hiyo kupika, kuosha na kuoga vyote vitatoka katika zile zisizofika nne zinazosalia. Jambo hili linawezekana kabisa, ila linataka kusemwa, na hapo ndipo sisi watu wa pwani tunaposhindwa. Tumelelewa kwamba mwenyeji hamwoneshi mgeni upungufu wa nyumbani, na kwamba unga ukiisha unakwenda kuazima kwa jirani kupitia mlango wa nyuma. Mashua haina mlango wa nyuma. Miaka iliyopita nilikuwa na wageni watano tukiwa tumetia nanga Misali, magharibi ya Pemba, na kwa haya tu sikuwaambia kwamba bomba la kuogea halikuunganishwa na mto wa Zambezi. Siku ya sita bomba lilitoa hewa. Ilinibidi nisafiri hadi Mkoani nikarudi na madumu ya maji, na safari yetu ya kaskazini ya Pemba ikafa pale pale. Wageni walikuwa watu waungwana sana. Kama ningesema tangu siku ya kwanza wangejibana bila kinyongo chochote.

Waambieni, basi, na waambieni kabla hawajafunga mizigo. Kuoga ni baharini, kwa kurukia majini, kisha mtu hujisuuza kwa lita mbili za maji matamu. Sabuni ya kipande haitoi povu katika maji ya chumvi, lakini sabuni ya maji ya kuoshea vyombo hutoa, na hiyo ndiyo mabaharia wengi hujipaka mwilini na kichwani. Vyombo huoshwa kwa maji ya bahari, mkiwa mahali penye maji safi na si ndani ya bandari, kisha husuuzwa kidogo. Wali hupikwa kwa theluthi moja ya maji ya bahari na theluthi mbili za maji matamu, na chumvi nyingine haitiwi. Wekeni lita 40 katika madumu mbali na tangi, na msizihesabu kabisa, ili tangi likivuja au likichafuka msife kiu.

Katika chakula sina mengi. Mayai ambayo hayajawahi kuwekwa katika friji hukaa muda mrefu yakigeuzwa kila baada ya siku mbili. Kabichi, boga, viazi, vitunguu na ndimu huvumilia joto. Na kamba ya kuvulia ikiburutwa nyuma ya mashua yaweza kuwapatia jodari au nguru. Masanduku ya karatasi ngumu yaacheni gatini, kwa sababu mayai ya mende hupenda kujificha katika mikunjo yake, na mikungu ya ndizi izamisheni kwanza baharini kwa sababu hiyo hiyo. Mgeni atakayeingia Tanzania asibebe vitu vyake katika mifuko ya plastiki, ambayo imepigwa marufuku Bara tangu Juni 2019, na Zanzibar iliipiga marufuku kabla ya hapo.

Lililobaki ni kazi. Tumezoea kusema kwamba mgeni ni siku mbili na ya tatu apewe jembe, lakini mashuani jembe hilo hutolewa saa ya kwanza, na mgeni hulipokea kwa furaha kwa kuwa hakuna anayependa kukaa kama gunia huku wengine wakihangaika. Mmoja awe wa demani, ile kamba ya kuongozea tanga, mwingine wa kihori cha mpira, wa tatu wa kufunga vidirisha vya juu kila wingu jeusi linapotokea, hata saa nane za usiku. Mvua moja inayoingia kupitia kidirisha kilichosahaulika hulowesha magodoro ambayo hayatakauka hadi safari iishe.

*Assalaam alaykum Nahodha. Mimi ni Mzanzibari ninayeishi Muscat. Rafiki zangu wa kazini wamekodi mashua ya tanga kwa wiki moja huko Unguja na Pemba mwezi wa Februari, nami wamenialika. Nina mambo mawili yanayonisumbua: bahari hunilevya vibaya sana, na sijui nitaswalije katika chombo ambacho hakitulii. (Msomaji wa Muscat)*

Waalaykum salaam. Ulevi wa bahari hautokani na udhaifu. Sikio la ndani linahisi mwendo, jicho lililo chumbani linaona kuta zimetulia, na ubongo hushindwa kuamua usadiki kipi. Kwa hiyo usishuke chumbani chombo kinapokwenda. Kaa nje upande wa tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, ambako mrusho ni mdogo kuliko omoni, yaani sehemu ya mbele, na uangalie mstari ambapo bahari inakutana na mbingu. Dawa inayofaa ni ile iliyomezwa kabla ya kuondoka, wala si baada ya kigegezi kuanza, na kwa kuwa nyingi huleta usingizi, zungumza kwanza na mfamasia. Kula kidogo kidogo vitu vikavu, tafuna tangawizi, na uombe kushika usukani, kwa maana anayeshika usukani huitazama bahari kwa lazima na ni nadra sana kutapika. Watu wengi huzoea baada ya siku mbili au tatu. Waombe wenzako siku hizo za mwanzo wazitumie ndani ya mwamba, mahali palipo kimya, na bahari iliyo kati ya Unguja na Pemba muivuke baadaye.

Ama kuhusu swala, hukumu zenyewe uliza wanavyuoni; mimi nitakueleza ya chombo. Ukiwa Unguja au Pemba, kibla ni karibu kaskazini halisi, kwa kuwa Makka iko takriban katika longitudo ile ile na yetu. Februari kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, na mashua iliyotia nanga huuelekeza uso wake kwenye upepo, kwa hiyo ukisimama sitahani ukaangalia omo, kibla iko mbele yako kidogo upande wa kushoto. Tazama dira kila mara, kwa sababu mkondo wa maji yanayojaa na kupwa huweza kuushinda upepo na kukizungusha chombo. Udhu wako hautagusa tangi la mtu, kwa kuwa maji ya bahari ni tohara. Mkifika Misali, wazee wa Pemba watakusimulia kwamba Hidhri aliswali pale, na kisiwa chenyewe kikawa msala wake.

Jambo dogo: chukua begi laini linalokunjika. Sanduku gumu halina pa kuwekwa, na utalala nalo kitandani wiki nzima.

*Nahodha, choo cha mashua yangu kimeziba mara tatu mwaka huu, na kila mara ni wakati nina wageni. Naona aibu kuwaambia. (Msomaji wa Tanga)*

Utaona aibu mara moja kwa kusema, au utaona karaha mara ya nne kwa kulifungua bomba kwa mikono yako. Mpeleke kila mgeni chooni anapopanda, mwoneshe namna ya kuvuta pampu na kufungua na kufunga vali, kisha umwambie kwamba hakiingii kitu humo ila kilichokwisha pita tumboni. Karatasi huwekwa katika ndoo yenye mfuniko. Mgeni avute pampu mara ishirini hata kama anaona panatosha kumi, kwa sababu uchafu unaobaki ndani ya bomba hukutana na chumvi ya maji ya bahari na kuganda kama chokaa. Na vali ifungwe kila baada ya matumizi, kwa maana choo kilicho chini ya usawa wa bahari kinaweza kuizamisha mashua usiku watu wamelala.

*Nahodha, tutakuwa na marafiki sita katika safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Mafia. Wao wanataka tuingie ghuba ya Chole jioni ili walitazame jua likizama, na kesho yake waogelee. Kuna ubaya? (Msomaji wa Dar es Salaam)*

Kuogelea hakuna ubaya. Kuingia jioni upo. Chombo kinachotoka bahari kuu kuingia Chole kupitia mlango wa Kinasi huelekea magharibi, kwa hiyo asubuhi jua huwa nyuma yenu na huyaangaza maji, na jioni huwa machoni mwenu na kuyageuza yote kuwa bati moja linalong'aa. Kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, mtu aliyesimama omoni akiwa na miwani ya jua inayoondoa mng'ao huona buluu nzito ya kilindi, kijani cha mchanga na hudhurungi ya matumbawe, na huyo mtu awe mmoja wa wageni wenu, mwenye macho mazuri na sauti kubwa. Ingieni maji yanapoanza kujaa, ili mkigusa fungu bahari yenyewe iwanyanyue. Mkigusa maji yanapokupwa katika bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu, mtakaa pale mashua imelalia ubavu hadi maji yarudi. Mafia ni hifadhi ya bahari tangu 1995. Nanga itieni penye mchanga mtupu, wala si juu ya matumbawe.

Jua la magharibi litazameni nanga ikiwa chini. Kuhusu kuogelea, mkondo ndani ya mlango wa Kinasi una nguvu za kumshinda muogeleaji hodari, na hata penye nanga yenu maji hayatasimama ila kwa muda mfupi kati ya kujaa na kupwa. Kabla mtu wa kwanza hajaruka majini, fungeni tezini kamba ya mita 30 yenye boya la rangi kali mwishoni, iacheni ielee, na kihori kiwe kimeshushwa na mtu mmoja awe amekaa ndani yake.