Je, mboji inaweza kusafisha hewa ya karakana?

SWALI: Mhariri, katika karakana yangu ya samani tunapuliza vanishi iliyochanganywa na thina, na majirani wanalalamikia harufu. Nimesikia kwamba hewa hiyo inaweza kusafishwa kwa kupitishwa kwenye mboji. Je, ni kweli? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji, ingawa mboji haifanyi kazi kama chujio la chai. Wanaofanya kazi ni bakteria na kuvu wanaoishi katika utando mwembamba wa maji unaozunguka kila kipande cha mboji au cha gome la mti. Feni husukuma hewa chafu kupitia tandiko la mboji lenye kina cha takriban mita 1, na katika muda wa nusu dakika hivi hadi dakika 1, mvuke wa tolueni au wa alkoholi, yaani vimiminika vya kuyeyushia rangi vinavyopatikana kwenye thina, huyeyuka ndani ya utando huo, ukaliwa na vijidudu, na kinachobaki zaidi ni kabonidioksaidi na maji.

Kinachowashinda wengi ni unyevu. Chukua konzi ya mboji uifinye: ikishikamana bila kuchuruzika, inafaa, ikipukutika kama vumbi, hewa itapenya kwenye nyufa na kutoka ikiwa chafu vilevile. Kwa hiyo hewa huloweshwa kwanza, na matone ya vanishi hunaswa na kichujio cha kawaida yasije yakaziba tandiko. Vijidudu nao huhitaji muda, pengine wiki kadhaa, kuzoea chakula hicho kipya. Tahadhari moja: mtambo huu husafisha hewa inayotoka nje, hivyo mpulizaji wako bado anahitaji barakoa yenye kichujio cha kaboni kinachonasa mvuke.