Kinachotafutwa kipewe anwani isiyohama

Wewe unayeanza kazi ya kufunga Wi-Fi, kabla hujagusa ruta jiulize swali moja kwa kila kifaa: hiki kinatafuta au kinatafutwa? Simu ya mgeni inatafuta. Inaingia, inaomba njia ya intaneti, inaondoka, wala hakuna anayejali ilikuwa na namba gani, yaani anwani gani, kwenye mtandao. Printa, kamera na akses pointi (vifaa vinavyosambaza Wi-Fi) zinatafutwa. Mhasibu akifika asubuhi anataka kuikuta printa palepale alipoiacha jana. Mimi nilipoanza sikujiuliza swali hilo, nikapoteza siku mbili nzima.

Ilikuwa nyumba ya wageni mjini Morogoro. Ruta iligawa anwani yenyewe kwa DHCP, huduma inayompa kila anayeingia namba yake, kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149. Printa ya mapokezi nikaiandikia kwa mkono 192.168.1.105, nikajaribu ukurasa mmoja, ukatoka, nikalipwa nikaondoka. Siku ya tatu napigiwa simu: "Fundi, hii printa jana jioni ilichapa, leo asubuhi haitaki." Nikaisogeza karibu na ruta. Nikafuta programu yake na kuiweka upya. Wapi! Jibu lilikuja nilipoichomoa kabisa kwenye umeme, kisha nikapiga pingi, yaani hodi ya kuuliza kama kuna kifaa, kwa 192.168.1.105 kutoka kwenye laptopu. Plagi ya printa iko mkononi mwangu, na majibu yanaendelea kuja. Nikaandika arp -a, amri inayoonyesha anwani ya MAC (namba ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani) ya aliyejibu, nikailinganisha na ile iliyo kwenye stika nyuma ya printa: hazifanani hata kidogo. Namba 105 ilikuwa kwenye simu ya mgeni.

Ruta nyingi huchungulia kwanza kama anwani ina mtu kabla ya kuitoa, lakini kifaa kilichozimwa hakijibu hodi. Usiku printa ilizimwa, ruta ikaona 105 iko wazi, ikampa mgeni. Asubuhi printa ikawashwa na namba yake ileile, wawili wakaanza kuigombea. Kosa lilikuwa langu: niliweka anwani ya kudumu ndani ya fungu ambalo ruta inaligawa.

Tangu hapo, printa na kamera siziandikii anwani kwenye kifaa chenyewe. Naitenga kwenye ruta. Unaingia ukurasa wa DHCP, unachukua MAC ya kifaa, unaifunga na namba unayotaka. Kifaa kinaendelea kuomba anwani kama vingine, ila kila kikiomba kinapewa ileile. Mwenye nyumba akibadilisha mtandao mwakani ukawa wa anwani zinazoanza na 10.0.0, unarekebisha yote ukiwa umekaa kitini. Aliyeandika kwa mkono atapanda ngazi kwenye kila kamera.

Za mkono naziacha kwa akses pointi tu, na naziweka chini ya fungu, kuanzia .2 hadi .20. Hapo kuwa makini na getiwei, yaani anwani ya ruta ambayo kifaa hupitia kwenda intaneti. Ukiikosea, kifaa kitaonekana vizuri ndani ya jengo lakini hakitatoka nje.

Ukubwa wa fungu nao uutazame. Nyumba ile ilikuwa na anwani 50 za kugawa, kila moja ikishikiliwa saa 24. Siku ya harusi watu wamejaa uani, kila mmoja na simu, wengine mbili. Aliyepita saa moja tu mchana bado namba yake imefungwa hadi kesho. Jioni simu zinazunguka tu zikitafuta anwani, na lawama zote zinamwendea mtoa huduma wa intaneti. Nilipanua fungu likaanzia .50 hadi .250, na muda nikaushusha hadi saa 2. Ofisini ambako watu ni walewale, siku nzima haina shida.

Ukikuta laptopu ina anwani inayoanza na 169.254, usihangaike na intaneti. Hiyo imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Tafuta kwa nini DHCP haiifikii. Na ukitenga anwani kwa ajili ya simu, kumbuka Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 kwa kawaida hutumia MAC ya kubuni kwenye Wi-Fi. Zima hali hiyo kwa mtandao huo, la sivyo ruta inaweza isiitambue.

Kuna jambo moja linalowaumiza wengi. Ukichukua ruta ya zamani uifanye akses pointi, zima DHCP yake kwanza, ipe anwani yake, kisha waya uchomeke kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani), si la WAN (la kuingizia intaneti). Ukisahau kuzima, ruta mbili zitagawa anwani kwenye mtandao mmoja, na nusu ya watu wataelekezwa kwenye getiwei isiyo na intaneti. Ukisikia "kwangu inafanya kazi, kwake hapana" ndani ya chumba kimoja, omba simu zote mbili usome mstari wa getiwei. Zikitofautiana, ruta ya pili itafute juu ya kabati.