Usianze na ukubwa wa bwawa

Ukipewa kazi ya kuchunguza kama bwawa la zamani linaweza kupunguza mafuriko ya mto, watakuonyesha kwanza ujazo wake. Uandike, uliza ulipimwa lini (tope hula nafasi mwaka hadi mwaka), kisha uweke pembeni. Kinachozuia mafuriko ni nafasi tupu iliyopo siku ya mvua, na bwawa la umeme au la maji ya bomba wenyewe hupenda kuliona limejaa.

Swali langu la kwanza huwa: linaweza kushushwa kwa kasi gani? Chukua bwawa lenye uso wa kilomita za mraba 10. Kulishusha mita moja ni kutoa mita za ujazo milioni 10. Bomba la chini likitoa mita za ujazo 20 kwa sekunde, kwa siku ni milioni 1.7 hivi. Hapo utahitaji karibu siku sita, na bado hujahesabu maji yanayoendelea kuingia. Utabiri wa mvua kubwa wa siku sita mbele ni wa kubahatisha.

Sasa geukia upande wa juu. Milimita moja ya mvua ikitiririka yote kutoka kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Kidakio (eneo lote ambalo mvua yake hutiririkia bwawani) cha kilomita za mraba 500 kikishusha milimita 60, zinakuja milioni 30. Zile milioni 10 zako huenda zikajazwa na maji ya mwanzo, kilele cha mafuriko kikukute huna pa kukiweka. Utoro (njia ya kupitishia maji yanayozidi bwawani) wenye milango hukupa nafuu: unayapitisha maji ya mwanzo kwa kiwango ambacho mto unakimudu, unatunza nafasi. Usio na milango nao usiudharau, kwani hata bwawa lililojaa hukata kilele kidogo, maji yakitandaa juu ya uso wake kabla ya kumwagika.

Hesabu hizi zifanye kwa kalamu kabla ya kufungua programu yoyote. Modeli yenye ramani za rangi haiwezi kupanua bomba.

Bwawa lenye ukuta wa tuta la udongo lina masharti yake: ukilishusha haraka mno, upande wa ndani uliolowa unaweza kuporomoka. Angalia pia vijito vinavyoungana na mto wako ukishapita bwawa. Kuchelewesha kilele kwa saa chache kunaweza kukikutanisha na kilele cha kijito jirani, ukawa umewaharibia wa chini.

Bwawa la Wivenhoe, juu ya mji wa Brisbane huko Australia, lilitengewa nafasi ya mafuriko inayozidi hata akiba yake ya maji. Januari 2011 maji yalipanda hadi waendeshaji wakalazimika kuachia takriban mita za ujazo 7,500 kwa sekunde ili kulinda bwawa lenyewe, na mji ukafurika.

Halafu kuna wenye maji, na kwa maoni yangu hapa ndipo miradi mingi hukwama. Mwenye umeme akimwaga maji na mvua isije, hasara ni yake. Japani, baada ya kimbunga Hagibis cha 2019, iliingia makubaliano na wenye mabwawa ya umeme na umwagiliaji washushe maji mapema, na ikaweka utaratibu wa fidia maji yasiporudi. Makubaliano yako yaseme pia nani anatoa amri saa nane za usiku, kwa kipimo kipi cha mvua, na nani anawaonya walio mtoni kabla mlango haujafunguliwa.