Tcpdump imeiona pakiti, programu haijaipata

Kwa mnaoanza kazi ya seva za Linux: iko siku mtaambiwa programu fulani haipokei kitu. Mtafungua tcpdump (zana ya kunasa na kuonyesha pakiti), mtaona pakiti zinaingia, na mtataka kwenda kugombana na aliyeandika programu. Ngojeni kwanza. Kuonekana pale maana yake pakiti imevuka kadi ya mtandao na draiva yake, basi.

Fremu (pakiti ikiwa ndani ya bahasha yake ya Ethernet) ikifika, kadi hukagua baiti 4 za mwisho. Zisipolingana na hesabu ya kuhakiki fremu (CRC), kwa kawaida fremu hutupwa hapo hapo na tcpdump haitaiona. Ikiwa salama, kadi huiandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu, kisha huishtua CPU. Bafa, yaani sehemu hiyo ya kumbukumbu, ikijaa kabla kerneli (kiini cha Linux) haijachota, fremu zinapotea kimyakimya. Ndiyo sababu mimi huanza na `ethtool -S eth0`, nikitafuta kaunta zenye crc, missed au drop. Majina hubadilika kwa kila draiva, inachosha, ila mtazoea.

Kichwa cha Ethernet kina baiti 14: 6 za anwani ya MAC (anwani ya kadi yenyewe) ya mpokeaji, 6 za mtumaji, 2 za aina. Hizo 2 ndizo zinazoiambia kerneli impe nani mzigo: 0x0800 ni IPv4, 0x0806 ni ARP (ya kuulizia MAC ya anwani fulani ya IP), 0x86DD ni IPv6. Tcpdump huchukua nakala yake kabla ya IPv4 kukabidhiwa chochote, na hapa ndipo wengi wanapotea. Iptables, yaani sheria za kuchuja pakiti, iko mbele zaidi, kwa hiyo pakiti inayoingia utaiona hata kama sheria zako zinaitupa. Inayotoka ni kinyume: iptables kwanza, tcpdump baadaye.

Tumieni `tcpdump -e` mwone anwani za MAC. Tcpdump huiamuru kadi ipokee hata fremu za wengine. MAC ya mpokeaji isipokuwa ya seva yako, IP itaitupa hata kama anwani ya IP ni yako. Seva ikibadilishwa kadi huku ruta bado inakumbuka MAC ya zamani, utakutana na hili. Seva yenye kadi mbili, angalia pia `rp_filter`, mpangilio wa kerneli unaokagua njia ya kurudi: ikiwa 1, pakiti iliyoingilia kadi ambayo njia ya kurudi haipitii inatupwa.

Na msishtushwe na pakiti zinazotoka zikiandikwa "incorrect" kwenye checksum (hesabu ya kuhakiki), au zinazozidi baiti 1500. Mara nyingi kadi ndiyo inayomalizia hesabu na kuzikata vipande, baada ya tcpdump kuchungulia. Ukitaka kilichopita kwenye waya hasa, nasa kwenye mashine nyingine, kupitia poti ya swichi inayonakili trafiki.