Boksi la omu 8 na la omu 4 kwenye amplifaya moja, inafaa?

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga besi kwenye kwaya hapa Morogoro, amplifaya yetu imeandikwa wati 500 kwa omu 4. Tuna boksi moja la omu 8, sasa kuna mtu anatuuzia lingine la omu 4, anasema nikiunga yote sauti itakuwa kubwa zaidi. Ninunue?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo usinunue, tafuta la omu 8 kama ulilonalo. Iko hivi, omu ni kipimo cha jinsi boksi linavyozuia umeme, na maboksi mawili ukiyaunga sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) kama inavyofanyika kawaida, omu zinapungua, hazijumlishwi, kwa hiyo 8 na 8 zinakupa 4, hapo amplifaya inatoa wati zake zote na kila boksi linapata 250. Ila 8 na 4 zinashuka mpaka kama 2.7, chini ya ile 4 iliyoandikwa kwenye amplifaya, umeme unaopita unazidi kiwango, amplifaya inachemka na katikati ya ibada inaweza kujizima au kuungua kabisa, halafu hilo boksi la omu 4 ndo litabeba theluthi mbili ya nguvu yote.

Kwa sasa na boksi moja unapata kama nusu tu ya wati, lakini ni salama. Kwenye boksi angalia wati za kudumu, yaani linazobeba muda wote, siyo ile namba kubwa ya kilele, ya muda mfupi tu, wanayoipenda wauzaji. Na waya jamani! Wa gitaa usiutumie kuunga boksi, ni mwembamba mno, unapata moto, nunua wa spika.