Re: Kwa nini Reinkaos iligawa wasikilizaji?

Ndugu, umeuliza kwa nini albamu ya Storm of the Light's Bane ya bendi ya metali Dissection inasifiwa na karibu kila mhakiki, ilhali Reinkaos, albamu yao iliyofuata, wengine wanaiponda. Kwa maoni yangu nyimbo hazina kosa. Watu walikuwa wanangoja kitu kingine.

Storm ilitoka 1995, kazi ya vijana wa Uswidi. Weka spika za masikioni usikie gitaa mbili zinavyopokezana: moja inapanda na melodi yenye huzuni, nyingine inaijibu chini, ngoma zikienda mbio. Halafu albamu nzima inaishia kwenye kinanda peke yake, taratibu. Kila nikifika hapo nanyamaza.

Reinkaos ilikuja 2006, Jon Nödtveidt, mwimbaji na mpiga gitaa wao, akiwa ameshatoka gerezani. Kasi imepungua, ule ubaridi wa blaki metali (metali ya kasi, kali na yenye giza) umebaki kidogo sana, na kilichotawala ni dethi metali (metali nzito ya sauti za kunguruma) yenye melodi zilizo wazi. Waliotaka Storm ya pili walijiona wamenyimwa haki yao. Mimi naipenda kwa dhati. Anza na wimbo wake wa Starless Aeon, tena bila kuilinganisha na chochote.